Vumbi la Chumba Namba Tatu

Jumapili, 9 Novemba 1997

Mvua. Mvua tena. Kariobangi nzima imekuwa uji wa wimbi, na mimi, Patrobas Nalianya, dalali wa kabati na vitanda vilivyotumika, sijauza hata kigoda. Nani anunue kabati wakati litaelea?

Mama amekuja kutoka Webuye kutibiwa macho. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Anaona mwanga na vivuli tu. Nimempa kitanda changu, mimi nalala sakafuni kama mwana mwema. Majirani wameona. Vizuri.

Kitanda kiko kando ya ukuta wa mbao. Chumba changu, namba tatu, kina kuta tatu za mawe na mmoja wa mbao laini kama zile za dari, umebandikwa karatasi ya maua. Nilipohamia nilidhani ni urembo.

Baada ya ibada Mama aliniuliza ni nani anakaa upande wa pili wa huo ukuta. Nikamwambia hakuna mtu. Nyumba inaishia hapo, nyuma ni uchochoro. Akatega sikio. Akasema, "Basi huyo asiyekuwepo anakunywa maji."

Nilicheka. Kisha nikasikia. Funda moja. Kimya. Funda jingine.

Panya, nikasema. Mama akasema panya hamezi hivyo.

Juu yetu, namba tisa, Okoth alikuwa anapiga mbinja. Okoth ni fundi wa redio. Chumba chake kiko pembeni, kina madirisha mawili, na jua likitoka Nairobi huanzia kwake. Nimekitamani chumba hicho tangu alipoingia. Mtu anayepiga mbinja kwenye mvua kama hii ana jambo anaficha.

Jumatatu, 10 Novemba

Mkutano uani, chini ya mabati. Bi Khadro, mwenye nyumba wetu, alitoka Eastleigh na mwavuli na hasira. Kila mpangaji analalamikia harufu. Harufu ya viazi vilivyosahauliwa guniani. Kila mmoja anasema inatoka kwa jirani. Na watu wanakohoa, Mama akiwa wa kwanza.

Bi Khadro alisema wallahi hawezi kubomoa kila ukuta kwa kubahatisha.

Ndipo akasimama Nzembi wa namba tano. Anafanya kazi maabara, kwenye kinu cha unga kule Industrial Area. Kazi yake ni kupima unga kama umeingia kuvu. Akasema si lazima kubomoa. Tupime vumbi. Kila kinachoishi ndani ya nyumba huacha kitu kwenye vumbi, alisema, hata kile tusichokiona. Kuvu za kawaida ziko kila mahali, hizo si kitu. Lakini kuna nyeusi moja ambayo haioti mpaka mbao au karatasi ilowe kwa muda mrefu. Ikionekana kwenye vumbi la chumba, kuna maji ndani ya ukuta, hata kama ukuta kwa nje ni mkavu.

Hata kile tusichokiona! Mimi nikahisi baridi shingoni. Halafu nikapata wazo. Mawazo yangu mazuri huja na baridi.

Bi Khadro akatoa amri: chumba kitakachopatikana na kuvu nyeusi, mpangaji anatoka siku hiyo hiyo.

Wazo lenyewe ni hili. Namba tisa ipatikane na kuvu. Okoth atoke mbio. Watu wote wakiogopa kuingia, mimi, mwanamume mwenye mapafu ya Mlima Elgon, nitajitolea kuhamia humo. Nitaonekana shujaa. Nitakuwa na madirisha mawili. Na kuvu haitakuwepo, maana nitakuwa nimeipeleka mimi!

Jumanne, 11 Novemba

Nzembi amegawa vichupa vya dawa vilivyochemshwa, kila kimoja na kipande cha plasta chenye namba ya chumba. Na brashi ndogo mpya. Maagizo: usichukue vumbi la sakafuni, hilo limeletwa na viatu. Chukua la juu ya mlango au juu ya kabati, lililotua lenyewe.

Nilipanda kwenye kiti, nikapangusa juu ya mlango wangu. Vumbi lilikuwa jeusi. Si kijivu, jeusi. Lilinata kwenye brashi kama masizi ya taa. Nilipangusa juma lililopita, kabla Mama hajafika, kwa hiyo sijui lilitoka wapi. Nikatia kwenye chupa, nikafunika haraka.

Mama aliniuliza nimefanya nini. Nikamwambia, nasafisha. Akasema mtu wa ukutani amenyamaza. Eti hunyamaza nikiongea, kama mtu anayesikiliza.

Tuache hayo. Kazi! Okoth aliacha chupa yake barazani, mbele ya mlango, akaingia ndani kutafuta koleo. Mjinga. Nilikuwa na kipande cha mkate kilichoota manyoya ya kijani na meusi, nimekificha chini ya sinki tangu jana. Nikasugua, nikamwagia mle, nikashuka ngazi kwa vidole vya miguu. Okoth akaanza tena mbinja. Piga, ndugu yangu. Piga.

Jumatatu, 17 Novemba

Matokeo. Siku mbaya.

Nzembi alirudi kutoka kazini na sahani ndogo za kioo zilizofungwa utepe. Ndani ya kila moja kuna rojo la kuoteshea kuvu, na juu ya rojo alipanda vumbi letu, kila chumba na sahani yake. Akazipanga mezani kwa Bi Khadro. Tukainama wote.

Sahani nyingi: vidoadoa vya kijani na vyeupe. Kawaida, akasema.

Namba tisa: msitu! Nywele ndefu zimejaa mpaka kwenye kifuniko. Nikashika kichwa kwa huzuni niliyoiandaa. Lakini Nzembi akacheka. Hii ni kuvu ya mkate, akasema, Okoth anakula sana mkate juu ya mlango. Wote wakacheka, na Okoth pia.

Kisha akainua namba tatu. Hakucheka.

Ilikuwa nyeusi. Nyeusi ya kung'aa, imelowa, haina nywele. Imeenea duara ndani ya duara. Niliitazama na ilikuwa kama jicho linalonitazama. Nzembi akaniuliza, kwa sauti ya chini, kitanda cha Mama kiko wapi.

Nilisema kwa sauti kwamba huu ni uongo. Mtu ametia kitu kwenye chupa yangu! Binadamu wana roho mbaya, nikasema, kuna watu wanaweza kuchafua chupa ya jirani ili wapate chumba chake. Nilikuwa na uchungu wa kweli. Mtu gani hufanya hivyo?

Nzembi akakubali kwamba namba tisa imechezewa, kwa hiyo huenda na namba tatu. Atapima upya, na safari hii atapangusa yeye mwenyewe.

Jumatano, 19 Novemba

Nzembi alipita vyumba vyote asubuhi kabla ya kazi. Kwangu alikaa sana. Aliweka kiganja kwenye ukuta wa mbao, akakiondoa kama aliyegusa kitu kilicho hai. Ukuta ni mkavu, akasema, lakini una baridi ya kisima. Nikafungua mlango ili hewa iingie. Tukaona wote wawili: karatasi ya maua ilivimba nje kidogo, kisha ikarudi ndani. Kama kifua.

Upepo, nikasema.

Hakuna upepo leo, akasema Nzembi.

Mama, kitandani, aliitikia kwa upole kwamba huyo mtu anapumua hivyo tangu yeye Mama alipokuja, na kwamba amesimama tu, hakai kamwe. Nzembi akamuuliza amejuaje kwamba amesimama. Mama akasema maji yanamtoka kuanzia juu, begani.

Nzembi akasema Mama asilale pale. Nikasema sawasawa, bila shaka. Kisha nikajitolea kumbebea Nzembi mfuko wa vichupa hadi kituo cha basi, maana tope lilikuwa la magoti. Akanishukuru. Alisema mimi ni mtu mwema kuliko ninavyoonekana.

Njiani, yeye mbele akitafuta mawe ya kukanyaga, mimi nyuma nikabandua plasta mbili. Ya namba tatu nikaibandika kwenye chupa ya tisa. Ya tisa kwenye ya tatu. Safari hii hakuna mkate! Vumbi langu ni la kutisha lenyewe, kwa nini lipotee bure?

Kitanda sijakihamisha. Kukihamisha ni kukiri kwamba ukuta una kitu.

Jumapili, 23 Novemba

Koti langu la kanisani, lililotundikwa kwenye msumari wa ukuta wa mbao, limeota ukungu mweupe kwenye kola. Nimeupangusa kwa mate. Umerudi kabla ya chakula cha mchana.

Kalenda imetoka jasho. Bwana aliye kwenye picha ya Novemba hana uso tena, ana doa tu.

Mama anakohoa sana. Alikohoa mpaka akakaa chini katikati ya wimbo wa kufungia ibada. Nzembi aliniuliza kama nimehamisha kitanda. Nikasema kile ni kikohozi cha kijijini, alikuja nacho. Nilihisi kitu kifuani. Si kikohozi. Nikanywa chai, kikashuka.

Okoth amemwomba Mama awe anapanda kwake mchana kuota jua likitokea na kusikiliza redio. Amemshika mkono ngazi zote, hatua kwa hatua, akimwita Mathe kana kwamba ni mama yake. Anajipendekeza! Anajua chumba kinamponyoka.

Jumatano, 26 Novemba

USHINDI.

Sahani ya namba tisa: nyeusi, imelowa, inang'aa. Sahani ya namba tatu: safi kama sahani ya harusi. Nilitazama pembeni nisicheke.

Nzembi alikunja uso. Alizishika zote mbili kwenye mwanga, akatazama plasta, akanitazama mimi. Nikatazama mvua.

Bi Khadro akamwambia Okoth pole sana, mwanangu, amri ni amri. Okoth akasema hana neno, kama chumba kinaumiza watu kitengenezwe. Hakubishana hata kidogo. Hilo liliniudhi. Nilikuwa nimejiandaa kumshinda.

Nikajitokeza. Nikasema niko tayari kuhamia namba tisa na kupambana na hiyo kuvu kwa kifua changu. Watu walinitazama kwa heshima. Lakini Bi Khadro akasema hakuna kuhama. Kesho fundi anabomoa ukuta wa namba tisa waone maji yako wapi.

Kubomoa! Chumba changu!

Alhamisi, 27 Novemba

Fundi Ndambuki alipiga nyundo tangu asubuhi. Rangi ambayo Okoth aliipaka mwezi uliopita, kwa mikono yake, ikaanguka vipande vipande. Tofali ndani kavu kama biskuti. Akavunja sehemu ya pili. Kavu. Vumbi jeupe, safi. Fundi akasema angeweza kuanika mahindi humo.

Bi Khadro akamwambia Okoth abaki, na Okoth akafagia kifusi mwenyewe. Akamuuliza Mama kama kelele zimemsumbua.

Nzembi alishuka ngazi polepole, akasimama nje ya mlango wangu. Hakubisha hodi. Nilikuwa ndani, nimeshika pumzi. Nyuma yangu, yule mtu wa ukutani naye alikuwa ameshika yake. Funda halikusikika mpaka Nzembi alipokwenda zake.

Jumamosi, 29 Novemba

Naandika haya juu, kwa Okoth. Wino umemwagika, sijali.

Alasiri giza liliingia kama limekosea saa. Mvua ya mawe. Stima ikapotea, taa zikazimika. Mama alikuwa namba tisa akisikiliza redio ya betri. Mimi nilikuwa peke yangu chumbani nikijaribu kuipigilia kalenda, maana ilikuwa inateleza. Nikaweka msumari. Nikagusa tu na nyundo. Msumari ukazama wote kama kidole kwenye ugali.

Ukuta ukashusha pumzi. Pumzi ndefu, ya mtu aliyechoka. Karatasi ya maua ikachanika kutoka juu hadi chini, na ubao mzima ukainama, ukalala kitandani. Kitandani kwa Mama. Mto ukafunikwa wote.

Nyuma yake kulikuwa na chumba.

Kidogo, cha upana wa mlango. Na ndani yake amesimama mtu. Mweusi kabisa, hana uso. Mabega mapana. Mikono chini. Maji yanamdondokea begani kutoka juu, yanamtiririka, yanaingia sakafuni. Funda. Kimya. Funda.

Nilimsalimia. Sijui kwa nini. Nilisema, "Habari ya mchana, mzee."

Hakujibu. Nadhani angejibu ningekuwa marehemu.

Niligeuka, nikaupata ukuta badala ya mlango, kisha mlango badala ya ngazi. Okoth alinikuta uani nikiwa nimekumbatia pipa la maji. Akashuka na tochi. Akaingia kabla ya kuniuliza kuna nini! Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Ni koti."

Koti. Koti refu la mvua la mtu mzima, limetundikwa kwenye msumari, limeotwa na kuvu nyeusi mpaka limekuwa nene na gumu kama mwili. Fundi Ndambuki aliitwa. Akasema ni bafu la zamani, lililozibwa kwa ubao. Paipu ya tangi la juu imepasuka, inamwaga humo, haijulikani tangu lini. Kipande cha sabuni bado kiko kwenye kidirisha. Chini ya koti kuna ndara mbili, zimepangwa vizuri, ncha zikielekea kitanda cha Mama.

Bi Khadro akasema familia yake ilinunua nyumba ubao ukiwa tayari umepigwa. Koti la nani hajui. Ndara za nani hajui. Alizitazama mara moja tu, akavuta mtandio usoni.

Tulipompasha Mama habari, hakushtuka. Aliuliza kama huyo mzee amepewa kitu kikavu cha kuvaa.

Kisha akaelewa kuhusu mto. Akanyoosha mkono, akatafuta kichwa changu, akakishika kwa muda mrefu. Nililia. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Okoth akageuka, akajifanya anarekebisha redio ambayo ilikuwa haijaharibika.

Jumapili, 30 Novemba

Kesi, uani. Sikutarajia kesi.

Nzembi alileta vile vichupa viwili. Akaonyesha kwamba plasta zake zimebandikwa mara mbili, na tope la njia ya kituo cha basi likiwa chini ya gundi. Hakunitaja. Hakuna aliyenitaja. Wote walinitazama tu, hata wa namba saba ambaye huwa hatazami mtu.

Bi Khadro akasema taratibu, "Patrobas, mwanangu. Vumbi lako lilipandaje ngazi?"

Nikasema mvua hii, Bi Khadro, kila kitu kinapanda.

Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa pale. Aliinamisha uso, akaufunga vizuri ukingo wa leso yake, akaufungua, akaufunga tena. Ningependelea kesi mara kumi kuliko kuona vidole vile.

Nikasema nisameheni. Nilisema kweli, kwa moyo wote, na nikamwahidi Okoth kwamba ukuta wake nitaukandika na kuupaka rangi mwenyewe. Okoth akasema yamekwisha. Akaongeza kwamba mpaka namba tatu itengenezwe, Mathe na mimi tulale kwake. Mathe kwenye kitanda chake, mimi na yeye sakafuni.

Fundi alilichoma koti uchochoroni. Halikushika moto haraka. Lilisimama ndani ya moshi, mabega yameinuka, kisha likakaa chini.

Jumanne, 2 Desemba

Daktari amempima Mama kifua. Angeendelea kulala pale, alisema, tungekuwa tunaongea mambo mengine. Sasa ni dawa, na hewa kavu. Macho yatafanyiwa upasuaji Januari. Mama amerudi akitabasamu. Anasema usingizi wa namba tisa ni mtamu, hamna mtu anayesimama.

Nimebadilika. Naandika kwa unyofu. Nimeona mauti kwa macho yangu, nimemsalimia, na nimerudi mtu mpya. Nimepaka rangi nusu ya ukuta wa Okoth. Amenipikia omena. Ni mtu mwema sana, kusema haki, mwema kupita kiasi.

Ila chumba ni kidogo kwa watu watatu. Nasema hivyo kwa ajili ya Mama, anahitaji hewa. Madirisha mawili yanatosha watu wawili, hesabu ni rahisi. Na jua la asubuhi, ningali nimelala sakafuni, linanipita juu juu na kutua kwenye meza ya redio. Redio kumi na zaidi, zote zimefunguliwa matumbo, nyaya zinapanda mpaka darini na kutoka nje hadi juu ya mabati!

Leo radi imenguruma upande wa Dandora. Nikaketi wima. Redio na radi. Hata majina yanakaribiana mno, haiwezi kuwa bure. Nani anajua nyaya zile zinaita nini? Mtu mwenye kazi ya hatari namna hiyo anapaswa kukaa peke yake, chini, mbali na mabati. Namba tatu, kwa mfano. Itakuwa imekauka kufikia Krismasi.

Bi Khadro anakuja Ijumaa. Nitalitaja kwa upole, kama mtu anayejali. Nikipata kipande cha mabati kilichoungua kidogo, nitakiweka mahali atakapokiona.